Kimya Ya Baruti

Siku ya kwanza ya kazi, balinipatiaka ampli nikumbatie. Musicheke, bajukulu! Nilifika ku serkle ya Musonoi, ile inzu kubwa kwenye bafanyakazi ba mugodi balikuwa banakunywa na banacheza bakitoka ku poste, ni kusema zamu ya kazi, na mi nilizani batanipa ufagio. Masomo yangu ilikuwa kidogo sana, mama alinitoaka mbio ku masomo tukalime mihogo. Ufagio nilikuwa nayua. Ampli, hapana.

Shefu ya Materieli alikuwa mutu mufupi, kofia ya mugodi ku kichwa hata mu kanisa. Yee njo alikuwa anachunga bitu yote ya orkestre: gitari, batri (njo ngoma za kupiga na fimbo), mikro, waya. Akanionyesha sanduku moya ya mbao, na kitambaa ku mbele.

— Mama Feliya, hii njo ampli. Gitari inalilia humu ndani. Kuko malampe ya kioo, tudogo-tudogo. Moya ikipasuka, orkestre inakuwa bubu. Tunasikilizana?

— Ndiyo, Shefu.

— Sireni ikilia, weye unakumbatia hii sanduku na mikono yote mbili. Unatia na kifua.

— Sireni ya nini, Shefu?

— Utaisikia. Na usiogope mbele ya bantu, unasikia? Ogopa ndani ya roho.

Nikaisikia! Mu ile wakati, kila mangaribi balikuwa banalipusha baruti ku shimo kubwa, pale pembeni ya cité, mitaa ya bafanyakazi. Kwanza sireni inalia murefu. Bantu bananyamaza, mbwa ananyamaza, mama anakamata sufuria. Kisha baruti. Inakuanzia ku miguu, inapanda ku tumbo, njo masikio inasikia ku mwisho. Na orkestre yetu ilikuwa inafanya repetisio, ni kusema mazoezi, mu ile saa tu, juu poste ya asubuhi imekwisha kutoka na bana-muziki bote balikuwa bafanyakazi ba mugodi.

Basi ilikuwa hivi. Sireni inalia, Shefu ya Orkestre, Tata Mwansa, anatia mukono juu ya nyuzi ya gitari, inakufa. Tata Kazadi wa batri ananyanyua fimbo zake juu. Mi niko chini, nimekumbatia ampli kama mutoto mwenye homa. Tunangoja. Booo! Bulongo inatingishika, na Kazadi anaangusha fimbo pamoya na ile booo, wimbo inaendelea. Siku kwa siku, ile kimya ikaingia mu nyimbo yenyewe. Hata siku ya Mungu, Jumapili, kwenye baruti hailii, balikuwa banasimama pale pale, kimya, kisha banaanguka pamoya.

Haikuwa rumba, ile muziki. Ilikuwa roki. Tata Mwansa alikuwa anafanya gitari inakwaruza, na kelele ya mashini ndani. Bantu ba Musonoi balikuwa banatucheka:

— Eh, Mwansa, hiyo muziki ama kompresa?

— Ni kompresa, tata! Leta mawe nikutobolee!

Lakini vijana balikuwa banaruka mpaka tofali inatoa vumbi. Tulienda Likasi, tulienda Lubumbashi, mi nyuma ya kamio, ile lori, na ampli yangu mu blanketi. Kule, bantu hawakuyua baruti yetu, wakati ya kimya balikuwa banazani kura ya umeme imekatika. Tata Kazadi mu ile wakati alikuwa na masikio: alikuwa anasikia Mwansa akivuta pumzi, anaingia.

Shefu ya Materieli alinifundisha mengine pole pole. Kukunja waya ile namna inalala, haijisokoti. Kutia ulimi ku pile, betri ndogo, uone kama iko na moto. Alipozeeka akanipa kofia yake. «Sasa ni weye Shefu ya Materieli,» alisema. Mwanamuke! Bana-muziki balicheka mpaka Kazadi akaanguka ku kiti. Lakini kesho yake balikuwa bananiuliza: «Shefu, mikro iko wapi?»

Kisha mugodi ikalala. Bantu bakatawanyika, Mwansa akaenda Zambia, serkle ikafungwa. Mi nikakaanga mikate mu soko ya Manika, miaka na miaka.

Njo mwaka uliopita, asubuhi moya, mutu mwenye imvi anasimama mbele ya karai yangu.

— Shefu, mikro iko wapi?

Mwansa! Nikalia na uma ya mikate ku mukono. Alikuya na fikra moya: bakusanyike tena, bafanye disiki moya, ile nyimbo ya zamani isikufe pamoya nabo. Studio ilikuwa hapa hapa Manika, chumba kimoya na magodoro ku ukuta. Mwenye studio ni Trezori, technicien, fundi wa sauti, mutu wa heshima lakini hana uvumilivu.

Na shida ikaonekana siku ile ile. Tata Kazadi masikio ilikwisha. Alifanyaka kazi ya kutoboa mawe, na ku mangaribi batri. Masikio gani inabakia? Wimbo ikianza, alikuwa muzuri, mikono inayua njia. Lakini ikifika ku ile kimya, ananyanyua fimbo, anangoja... anangoja baruti. Baruti gani? Ile shimo hailipuki tena. Mwansa akamutikisia kichwa, Kazadi akaingia kwa kuchelewa. Bakarudilia. Akachelewa. Bakarudilia mpaka jasho.

Trezori akasema polepole:

— Tata Mwansa, niko na batri ya mashini mu ordinateri, hii kompyuta. Haichelewake.

Mwansa akaangalia chini. Kisha akaandika ku karatasi, juu ku masikio haingepita, akamuonyesha mwenzake. Kazadi akasoma. Akafunga fimbo zake mu kitambaa, akatoka inje, akakaa pembeni yangu ku mlango, kwenye nilikuwa natayarishia bana-muziki chakula.

— Feliya, alisema kwa nguvu, vile bantu basiosikia banasemaka, banatia mashini ku kiti yangu!

— Nasikia, tata. Na Manika yote inasikia.

— Mi siko nachelewa. Ni bulongo njo haisemi.

Nikamuambia na mikono: enda, fanya mara moya tena, ukule na roho safi. Akaenda, juu ya chakula zaidi kuliko juu yangu. Mlango bakaiacha wazi juu ya joto. Mi nikabaki natwanga sombe, majani ya mihogo, na kinu ilikuwa imesimama pale pale ku kizingiti, ku simenti moya na chumba.

Wimbo ikaanza. Ile wimbo! Mikono yangu ikasahau sombe. Ikafika ku kimya, nikaona fimbo ya Kazadi iko juu, na mikono yangu ikaanguka yenyewe, na muti wa kutwangia ndani. Booo! Simenti ikatingishika. Kazadi akaanguka ku batri pamoya nayo, palepale, kama zamani, na Mwansa akaimba akicheka.

— Mama! Trezori akalalamika. Kinu yako imeingia mu mikro!

Na Kazadi, macho kubwa, akiangalia chini ya miguu yake:

— Nani amelipusha?

Tukacheka mpaka chakula ku moto ikaungua. Kesho yake kinu ikaingia mu studio, ikasimama karibu na kiti ya Kazadi, na mi nyuma yake na kofia ya Shefu ya Materieli ku kichwa. Tukafanya nyimbo yote. Ku mwisho Trezori akauliza kama afute ile kelele ya kinu, eti anaweza kuitoa safi.

— Ukiitoa, Mwansa akasema, nitoe na mi.

Ikabakia.

Sasa nimepumzika kweli, mikate nimeachia binti yangu. Kule kwenye serkle ilisimama, shimo imekula, huwezi kuonyesha mutu hata tofali. Lakini vijana banaochimba kule sasa na mikono banapita hapa na mifuko, telefoni inalia mu mufuko ya shati, na siku ingine ni disiki yetu. Hawatuyui. Ikifika ku kimya, nao bananyamaza, banatembea bila neno, banangoja kitu hawakukiona hata siku moya.

Na mi hapa ku kiti yangu, mbele muti wa kinu haiyaanguka mu ile disiki, mikono inajikunja ku kifua, inakumbatia.