Unga Uliokataa Kuyeyuka

Likizo ya Aprili wanafunzi walienda makwao, nami nikabaki peke yangu katika maabara ya chuo, mjini Kitui, na unga mweusi uliokataa kuyeyuka.

Ilikuwa kazi ya watu wawili. Mimi na mwenzangu, mtu wa Makueni, tulitaka plastiki inayopitisha umeme, ambayo ungeipaka juu ya kioo kama rangi ikanasa nguvu za jua. Lakini tuliyoipata ilikuwa unga, na huwezi kupaka unga usioyeyuka. Molekuli za plastiki hiyo ni kama nyuzi ndefu zilizobanana, dawa ya kuyeyushia haipati pa kupenya. Kwa hivyo tulizipachika mikia pembeni ili zisibanane mno. Mikia ilikuwa bado mifupi mwenzangu alipopata kazi ng'ambo. Aliacha koti lake jeupe nyuma ya mlango.

Mara tatu nilirefusha mikia. Mara tatu unga ukatulia chini ya chupa kama tope. Kuna siku zilizopita nikiwa nimesema maneno mawili tu, "Habari" na "Nzuri", kwa mlinzi wa lango.

Kisha nikajaribu mikia yenye panda, iliyogawanyika kama tawi. Jumatano saa sita mchana nilimimina klorofomu, dawa ya kuyeyushia, nikazungusha chupa polepole. Rangi ya chungwa ikaanza kupanda. Niliiinua dirishani. Chini hapakuwa na kitu.

"Imeyeyuka!" nikasema kwa sauti, na sauti yangu ikanishtua.

Nikampigia mwenzangu.

"Hongera sana," alisema. "Naingia mkutanoni, nitakupigia."

Hakupiga.

Jumamosi nilienda Mutomo kwa mwaitu, mama yangu, ambaye anaishi peke yake tangu tumzike baba. Nilimkuta akiambua mbaazi. Nikakaa, nikachukua fungu langu la kuambua.

"Mwaitu, ile kitu yangu imeyeyuka."

"Na ulitaka iyeyuke?"

"Nilitaka sana. Mwaka mzima."

"Basi Mungu ni mwema." Akaniangalia. "Nani alikuwa na wewe?"

"Hakuna mtu."

Aliweka ungo chini. "Haya, niambie. Anza mwanzo."

Nikamwambia yote, nyuzi, mikia, panda. Sidhani alielewa nusu yake. Lakini kila niliposema unga ulikataa, alisema "Aiya!" kana kwamba ni mara ya kwanza, na nilipofika kwenye rangi ya chungwa nilishindwa kuendelea. Nililia. Alinisogezea mbaazi zaidi.

Jumatatu nilirudi nikapaka plastiki kwenye kioo, nikapima umeme. Ulipita, lakini hafifu kuliko tulivyotumaini: panda zile zilizowezesha nyuzi kuyeyuka zilikuwa zimezitenganisha kupita kiasi, umeme ukashindwa kuvuka kutoka uzi hadi uzi. Nikaandika hivyo kwenye daftari. Kisha nikaanza upya, kwa mikia ya panda iliyo mifupi kidogo.