Upepo wa Helikopta

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku ambayo mlingoti wa simu ulipaa angani hapa kwetu Litein. Ilikuwa miaka ya tisini, msimu wa mvua. Lori lililobeba vyuma vya mlingoti lilizama kwenye tope karibu na kituo cha kununulia chai, likashindwa kupanda kilima. Basi watu wa kampuni ya simu wakaita helikopta kubwa ivinyanyue kwa kamba, kipande kwa kipande.

Asubuhi fundi wao alipita akituonya: fungeni mifugo, shikeni watoto, funikeni kila kitu chepesi. Tukafunga ng'ombe, kuku tukawaingiza jikoni. Chai hatukuifunika. Nani kwetu hufunika chai? Majani yakifunikwa yanachemka, na karani wa kituo hayapokei. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu; akina mama wa kikundi chetu walikuwa wamenichumia shamba langu lote, na chai hiyo ndiyo ingemnunulia binti yangu Chepkoech sanduku la kwenda sekondari. Tukaimwaga kwenye meza za kituo ipate hewa, kisha tukatoka mbio kutazama.

Lo! Helikopta ilishuka juu ya lori, ikanyanyua chuma kirefu kama mkaratusi. Tukapiga vigelegele. Kufumba na kufumbua, chai yangu yote ikapaa. Ilimjaa karani kichwani, ikajaa mtaroni, na nyingine nadhani ilifika Kapsoit. Nililia, sikufichi.

Kogo Taprandich, yaani nyanya wa jirani yetu, peke yake alikuwa ametandika shuka juu ya chai yake na kuilalia. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nyinyi wasichana! Mlifikiri hiyo ndege inakuja na chuma peke yake? Inakuja na upepo. Na dakika kumi haiwezi chemsha chai."

Kisha akanimiminia nusu ya kikapu chake. Kesho yake wenzangu nao wakaniletea ya mashamba yao, na Chepkoech akaenda shule na sanduku jipya.

Mwanangu, makubwa yatapita juu yako: kazi ya mjini, harusi, siasa. Yatazame, upige na vigelegele, sikukatazi. Lakini jicho huona mzigo kwanza, na kila kikubwa kina upepo wake. Tahadhari kabla ya hatari. Funika yako, ndipo uangalie juu. Na ukiona ya mwenzako yamepeperuka, cheka kidogo, halafu mmiminie.

Mungu akuinue, mwanangu, na siku ya upepo akukute umefunika.