Nafuu ya Zigmas

Kijijini kwao, katikati ya misitu ya Lithuania, hakuna aliyekula uyoga kabla Bi Marcelė hajaukagua. Watu walimletea vikapu mlangoni, naye akitupa mbovu huku akiwauliza macho yao yana kazi gani. Alikuwa na majivuno yake, na kwa uyoga alistahili kujivuna.

Kwa hiyo mumewe, Zigmas, alipoamka alfajiri akitapika na kuharisha, baada ya kula uyoga wa kijani kwa viazi na krimu jana yake, wote wawili waliisingizia krimu. Marcelė mwenyewe hakuwa ameuonja, meno yalimuuma. Gari la wagonjwa hakuliita. Majirani wangesema nini?

Kesho yake Zigmas aliamka mzima. Alikunywa supu, akaomba nyingine, akatoka kupasua kuni huku akipiga mluzi.

"Ulishanichagulia jeneza, mke wangu?" alimtania.

Marcelė alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alikumbuka familia moja ya ng'ambo ya mto, zamani akiwa msichana. Nao walikula uyoga wakatapika, nao wakapata nafuu, wakarudi shambani. Hiyo nafuu ndiyo iliyowazika, maana sumu ilikuwa bado ikiwala maini kimyakimya.

Alichukua kisu akarudi msituni. Kwao uyoga haung'olewi. Hukatwa juu kidogo ya ardhi, ili msitu utoe tena mwakani, na mguu wake hubaki chini. Chini ya mwaloni aliiona miguu aliyoikata kwa mkono wake. Akapiga magoti, akafukua mmoja. Ulikuwa umekaa ndani ya kifuko cheupe, laini. Uyoga wa kijani wa kuliwa hauna kifuko.

Alipiga simu ya dharura papo hapo. "Nimemlisha mume wangu uyoga wa sumu," alisema, akataja jina lake mwenyewe lote. Akaulizwa mgonjwa ana hali gani.

"Anapasua kuni, anacheka. Ndiyo maana nataka mje haraka."

Marcelė aliporudi nyumbani akamwambia, Zigmas alinuna. Alazwe hospitali na shibe yote hii? Watu watamcheka.

"Watanicheka mimi," alisema Marcelė. "Wewe vaa viatu."

Akavaa, akinung'unika. Gari lilipoingia uani aliinua uso juani akamtabasamia mkewe, na Marcelė akaona weupe wa macho yake umeshageuka manjano.