Simu Yenye Mwenyewe

Simu ililetwa imezikwa ndani ya mfuko wa mchele, na mchele wenyewe ulikuwa basmati mzuri, mrefu, wa kupikia wageni. Nilitamani kumgombeza mwenye simu papo hapo. Miaka nenda miaka rudi nawaambia wateja wangu kule Jeddah kwamba mchele ni wa biriani. Simu iliyolowa haiponi kwa mchele, na punje zinaingia kwenye tundu la chaji zikanizidishia kazi. Lakini nilimtazama yule mama usoni nikaufunga mdomo, na wanaonijua watashangaa kusikia kwamba naweza.

Alikuwa Mkenya, mtu wa makamo, amevaa abaya juu ya nguo za kazi, mikono bado inanukia sabuni. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba moja huko Malqa, hapo Riyadh. Binti wa madam wake alisoma katika shule ya sekondari ya wasichana tulimokuwa tukifanyia mtihani, akasema nyumbani kwamba wanafunzi wa ufundi wanatafuta simu mbovu za watu kwa ajili ya mtihani. Madam akampakia mama huyo kwenye gari pamoja na binti asubuhi.

"Iliingia kwa ndoo ya kufulia," aliniambia alipogundua kwamba nazungumza Kiswahili. "Jumatatu. Tangu hiyo siku, mafi, hakuna kitu. Imezima tu. Na msichana wangu wa kwanza ako na mimba, miezi imefika, ni saa yoyote sasa. Nimekuwa na stress wiki mzima."

"Huna namba yake popote?"

"Namba zote ziko huko ndani, dada. Hata moja sijui kwa kichwa. Madam alinipa simu yake, akaniambia piga. Nikaishika tu. Nitampigia nani?"

Laini yake ya Kenya aliiacha kwenye droo kijijini, na jumbe zote za nyumbani zilimfikia kwa programu iliyosajiliwa kwa namba ile, isiyofunguka kwenye simu nyingine bila laini hiyo. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa ndani ya kile kisimu kilichopasuka pembeni: namba, picha, na habari ya kama amekwisha kuwa bibi au bado. Nilimhurumia sana. Nikamchambulia mchele wake nikamrudishia, maana chakula hakitupwi.

Mie mwenyewe si mwalimu, ni fundi simu. Nina kibanda Kandara, Jeddah, ghorofani juu ya duka la mabegi, chenye pazia mlangoni na tangazo kwamba ni cha wanawake tu. Wazee wangu walitoka Unguja, mie nimezaliwa hapa hapa Jeddah, na Kiswahili nilikipata kwa mama, pamoja na huu mdomo. Wanawake wanapanda ngazi zangu kwa sababu hawataki mwanamume asiyewahusu apekue picha zao za harusini. Wanakuja wake wa watu, walimu, wanafunzi, na Ijumaa wanajaa dada wa kazi, kila mmoja na kioo kilichopasuka na kisa chake.

Mteja wangu mmoja, mwalimu, ndiye aliyeniambia kwamba vigezo vya masomo ya ufundi kwa sekondari vinaandikwa upya. Wasichana sasa wana darasa la kutengeneza simu, akasema, na waandishi wanataka watu wa kazi wakae nao meza moja. Nikamwambia mie nina ulimi tu, cheti sina. Akasema ulimi ndio wanaopungukiwa nao.

Mama yangu aliposikia nimeitwa Riyadh kuandika vigezo alicheka mpaka akashika ubavu. "Wewe? Wewe uliyekuwa ukitolewa darasani kwa kujibizana?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Basi Mungu awasaidie," akasema, akanifungia visheti vya njiani.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu mimi ilikuwa skrubu. Ninapofungua simu nina tabia ya kushika skrubu kwa midomo. Vigezo tulivijaribu katika shule ile ile, na siku ya kwanza ya kuwaonyesha wasichana kazi nilikuwa nazo tatu mdomoni, na wale watoto, kwa kuwa watoto huiga ubaya kwanza, wote wakazitia zao midomoni. Ndipo akaingia mkuu wa waandishi. Alikuwa mhandisi, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mwenye kalamu isiyotoka mkononi.

"Na ukizimeza?" akaniuliza.

Nilizitema kwanza ndipo nikajibu. "Sijameza hata moja tangu nianze kazi."

"Alhamdulillahi. Lakini vigezo haviandikwi kwa bahati yako."

Nilinuna mpaka adhuhuri. Baada ya sala akaniwekea mezani kisahani cha sumaku, cha kushikia skrubu, kila moja mahali pake. Nilikijaribu kwa shingo upande. Kikanipendeza, nikajaribu tena, na tangu siku hiyo sijui niliishije bila kisahani. Yule mhandisi nilimpenda vilevile, ingawa kugombana tuligombana kila siku iliyopita.

Ugomvi wa kwanza nilishinda mie. Wao walipanga mtihani ufanywe kwa simu za shule, zilizoharibiwa makusudi. Nikasema simu ya shule haina mwenyewe. Hakuna anayeililia, kwa hiyo mwanafunzi hatajua kamwe kazi hii ni ya nini. Alete simu mteja wa kweli, asimame mbele ya meza, amtoe fundi jasho. Mhandisi alifikiri, akaandika, akasema sawa.

Ugomvi wa pili nilishindwa. Vigezo vilisema simu ikishapona, fundi aijaribu mwenyewe kabla ya kuirudisha: kioo, spika, kipaza sauti, kamera. Mie kwangu simu ikishawaka naigeuza ikamtazama mwenyewe, naisukuma kwake, naondoa mikono. Nikawaambia, simu ya mwanamke ni chumba chake cha ndani. Nimeingia kwa hodi, nimetengeneza dirisha, natoka. Siketi kitandani. Meza nzima ilicheka, hata wazee wa idara ya elimu waliokaa nasi.

Mhandisi hakucheka. "Na spika ikiwa haisikiki? Mteja atafika nyumbani ndipo ajue. Fundi asiyejaribu hajamaliza kazi."

Alikuwa na haki. Nilipiga kelele, na kelele hazikuandikwa. Kipengele kikabaki kama alivyokitaka. Lakini tulipokuwa kwenye meza za kazi, midomo yangu iliwasomea wasichana kipengele na mikono yangu iliwafundisha yangu. Kugeuza, kusukuma, kuondoa mikono.

Basi siku ya mtihani simu ya yule mama ikamwangukia msichana mwembamba, mkimya, aliyejulikana darasa zima kwa kufuta miwani kila mara. Sisi tuliofundisha tuliwekwa nyuma ya utepe, tumekatazwa kusema neno lolote. Mhandisi alikuwa akizunguka na karatasi ya alama. Mama alisimama mbele ya meza, mikono ameikunja kifuani kama aliye mbele ya mlango wa wodi.

Msichana alifungua simu taratibu. Akaichomoa betri, akaiweka pembeni, akatoa punje moja ya mchele iliyovimba tunduni akaitazama kwa mshangao. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani. Alipiga brashi na spiriti, akapuliza hewa moto, akabadilisha soketi ya chaji. Alikuwa na mikono mizuri, mtoto yule. Alitia chaji, sote tukasubiri, na kioo kikabaki cheusi.

"Dada," mama alininong'oneza kutoka ng'ambo ya utepe, "ameichoma?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Kusema sikuruhusiwa.

Msichana akafuta miwani. Akapima betri, akakuta imekufa, akaenda kabatini kuchukua nyingine. Alirudi akamwambia mama kwa Kiarabu, pole pole, ili amwelewe, "Subiri, mama, bado sijashindwa." Akaifunga betri mpya, akabonyeza.

Ikawaka.

Mama alishika ukingo wa meza. Msichana naye hapo hapo aliigeuza simu, akaisukuma kwa ncha za vidole mpaka mbele ya mwenyewe, akaondoa mikono akaiweka nyuma. Nilijua nani amemfundisha, na mhandisi pia alijua, maana aligeuka akanitazama mie kwanza.

"Majaribio," akamwambia msichana.

"Simu ni yake. Yeye ndiye atakayejaribu."

"Vigezo vinasema fundi."

Msichana hakuitoa mikono mgongoni. Uso ulimwiva mwekundu mpaka masikioni. "Najua," akasema. "Lakini siwezi kufungua mambo ya mtu."

Nilikuwa na maneno ya kujaza ukumbi. Yote niliyameza. Mdomo huponza kichwa, na siku ile ungeponza kichwa cha mtoto wa watu.

Yule mama hakuelewa hata kidogo kwamba panabishaniwa jambo. Alikwisha kuandika namba yake ya siri. Simu ikaanza kutetemeka juu ya meza, jumbe zikiingia moja juu ya nyingine, na yeye hakusoma hata moja. Alitafuta jina la bintiye, akabonyeza ujumbe wa sauti, nao ukatoka kwa sauti ya juu kabisa.

Kilitoka kilio cha mtoto mchanga, kikali, cha mtu aliyeudhika. Kisha sauti ya msichana aliyechoka: "Mum, mbona hushiki simu? Ni msichana. Skia vile analia. Tuko sawa, usiogope. Piga basi."

Ukumbi mzima uliacha kazi. Mama aliinamisha kichwa mezani, akaucheza ujumbe tena, na mtoto akalia tena upya. Mhandisi alisimama kidogo, kisha akaishusha kalamu kwenye karatasi akatia alama ya vyema. Nilirefusha shingo nikaona. Ilikuwa mbele ya neno spika.

Mama akabonyeza kurekodi. "Mwanangu," akaanza, kisha maneno yakamwishia akapiga vigelegele, virefu, mpaka mlinzi wa mlangoni akachungulia. Jibu lilirudi karibu papo hapo, binti anacheka, "Mum, umeniamshia mtoto." Mhandisi akatia alama mbele ya kipaza sauti.

Simu ya video ikaanza kulia. Mama alipokea, akaisogeza simu mpaka karibu na pua. Na hapo nikamwona mhandisi, mwenye vigezo vyake vyote, anageuka akampa mama mgongo, akautazama ukuta ili asione kioo kisicho chake. Kalamu iko tayari.

"Muulize," akaniambia akiwa vile vile, "anaona vizuri?"

Basi nikafunguliwa mdomo kwa amri ya serikali. "Mama, anauliza, unaona vizuri?"

"Naona vizuri sana! Ako na paji la babake, maskini."

"Anaona vizuri," nikatafsiri. Alama.

"Na wao wanamwona?"

"Mama, wao wanakuona?"

"Wanasema nimekonda."

Nikatafsiri na hiyo. Mhandisi alicheka akiuangalia ukuta, mabega yakimtikisika, akatia alama ya mwisho mbele ya kamera. Wiki ile ile kipengele kiliandikwa upya kwa mkono wake: simu ijaribiwe na mwenyewe, mbele ya fundi, na fundi aulize jambo moja baada ya jingine mpaka yote yaishe. Kilikuwa kipengele bora kuliko changu na kuliko chake. Na msichana wa miwani akafaulu, tena vizuri.

Lakini saa ile hakuna aliyekuwa akiwaza vipengele. Mama aliinua uso umelowa, akamwita msichana kwa mkono. "Wewe, njoo. Taal. Njoo uone mtu wako." Kisha akaiambia simu, "Huyu ndiye ametufungulia. Huyu ni shangazi yake wa Riyadh."

Msichana hakusogea. Alinitazama mie.

"Umekaribishwa," nikamwambia. "Nenda."

Akaenda, akainama, akafuta miwani, akainama tena. Sijui aliona nini kwenye kioo kile kidogo, lakini alianza kumpungia mkono mtoto asiyejua hata mkono ni kitu gani. Mie nikalia. Nililia waziwazi nyuma ya utepe, mtu mzima mwenye bisibisi mfukoni, na nilikuwa na furaha ambayo kibandani kwangu sijapata kuijua, kwa sababu kule natengeneza mimi, na hapa ametengeneza mwingine.

Mhandisi bado alikuwa ameuelekea ukuta, karatasi ameikumbatia kifuani.

"Na mimi?" akaniuliza kwa sauti ndogo. "Hebu niulizie kama naruhusiwa."

Nikamuulizia.

"Ai, kwani anangoja nini huko?" mama akasema. "Mwambie mtoto anamngoja."