Kisanduku cha Kijivu cha Saa Nne

Niseme wazi kabla ya yote: kalenda ya pamoja niliileta mimi. Niliporudi kutoka Kampala na diploma yangu, niliyoitafuta mwenyewe, nikibeba magunia asubuhi na kusoma jioni, nilikuta ofisi yetu ya Kisangani ikiendeshwa kwa daftari moja lenye madoa ya chai. Leo kila mfanyakazi anafungua simu na kuona wiki nzima ya mwenzake. Kabla yangu hakuna aliyeliwaza jambo hilo, na sioni haya kulisema.

Sheria yake pia niliiandika mimi, msimamizi wa wafanyakazi, "chef" kwao. Kalenda inakuruhusu kufunga miadi yako ya binafsi: wenzako wanaona kisanduku cha kijivu tu, bila maneno. Haikupita miezi miwili, kila Ijumaa mchana ikawa kijivu tupu. Watu walikuwa wakijifungia ili waende zao. Nikaandika: kisanduku kisicho na jina, kazi inaweza kukikalia. Mwenye sababu ya kweli aitaje.

Yangu sikuitaja. Papa, yaani baba yangu, mvuvi wa kwenye maporomoko, alikuwa amekwisha kupoteza jicho moja kwa presha ya macho, na la pili lilikuwa linafifia. Daktari mpasuaji alikuja kutoka Kinshasa kwa siku nne. Zamu ya Papa ilikuwa Alhamisi, siku ya mwisho, saa nne asubuhi. Alikubali kwa sharti moja.

"Karatasi yao iko ya Kifaransa," alisema. "Mwanangu atanisomea, kisha atie sahihi. Bila yeye hakuna mutu atanigusa jicho."

Ningeandika "Papa, hospitali", ofisi nzima ingejua. Kwetu ugonjwa hauachiwi mtu mmoja. Wangekuja kwa msafara na sukari na sabuni, huyu na mchungaji wake, yule na mizizi ya shangazi yake, na wote wangejionea kwamba baba wa mtu kama mimi bado analala katika nyumba ya udongo. Hilo sikulitaka. Nikaweka kijivu. Nani angethubutu kukalia kisanduku changu?

Alhamisi nilipita ofisini kuchukua begi. Nikakuta viti vimepangwa. Katibu wetu, mwanamke aliyenizidi umri na ambaye sote tulimwita Maman, alikuwa anaunganisha projekta.

"Wageni wa mradi wa Masako wanafika sasa hivi, chef. Nilikuweka saa ine. Utawaonyesha kalenda."

"Saa nne nina miadi."

"Iko kijivu, chef. Kijivu tunaikalia. Ni weye ulituandikia." Akacheka. "Ao sheria ni ya wadogo peke yao?"

Neno moja lingetosha. Lakini mkurugenzi alikuwa mlangoni na wageni wanashuka garini. Nilijiambia nitamaliza kwa robo saa. Madaktari huchelewa siku zote. Nikazima simu, kwa sababu kuzima simu mkutanoni nako kulikuwa sheria yangu.

Nilizungumza vizuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: nilizungumza vizuri sana. Robo saa ikawa saa nzima. Wiki yetu ilikuwa imetandazwa ukutani, na mgeni mmoja akanyoosha kidole penye Alhamisi, saa nne.

"Na hicho cha kijivu, chini ya mkutano huu?"

"Si kitu," nilisema. "Ni mfano wa kinachoweza kusogezwa."

Wakapiga makofi.

Nilifika hospitali saa sita kasorobo. Papa alikuwa kwenye benchi la korido, shati lake la kanisani limefungwa vifungo hadi shingoni. Muuguzi aliniambia walimwita mara tatu, na mara tatu alijibu kwamba mwanawe yuko njiani. Nikamkimbilia daktari hadi kwenye gari lililokuwa linampeleka uwanja wa ndege. Vyombo vyake vilikwisha kufungwa. Aliitazama kravati yangu, akasema laiti tungewahi kwa muda wa saa moja tu.

"Kazi ilikuwa mingi?" Papa aliuliza niliporudi.

Nikaivua kravati na kuitia mfukoni.

"Si kitu," akasema mwenyewe.

Mpasuaji mwingine alipokuja, miezi baadaye, hapakuwa tena na jicho la kuokoa.

Ofisi ilijua, bila shaka. Walikuja kwa msafara, na sukari na sabuni, kama nilivyoogopa. Walikaa ndani ya ile nyumba ya udongo na hakuna aliyetazama kuta. Maman aliketi mkekani karibu na Papa, akamshika mkono, kisha akanigeukia.

"Chef, ungeandika 'Papa' tu. Nani angekalia papa yako?"

Kalenda inafanya kazi vizuri. Ofisi nyingine mjini zimekuja kujifunza kwangu, nami huwafundisha, isipokuwa ile sheria ya kijivu, ambayo niliifuta bila kueleza. Kila Alhamisi, saa nne, pameandikwa PAPA, kwa herufi kubwa, bila kufuli. Hakuna anayepagusa. Namkuta nyumbani kwake anasuka mtego wa samaki kwa kupapasa. Akisikia viatu vyangu, hainui uso.

"Ni saa ngapi?"

"Saa nne, Papa."

"Bon," anasema. "Leo umefika."