Kofia Juu ya Vitabu

Usiku ule nililala na uzi mkononi. Jioni nilikuwa nimeutumia kupima kuta za chumba changu cha kupanga, nikitafuta mahali pa kuweka vitabu vya marehemu Mwalimu Hamadi, na kila nilipopima jibu lilikuwa lile lile: vitabu vikiingia, kitanda kitoke. Nikajiambia basi nitalala juu ya vitabu. Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka, kwa kuwa asubuhi Bi Tatu, mjane wake, alikuwa anangoja neno langu.

Bi Tatu alishanieleza wazi. Binti yake Rukia anarudi nyumbani na wanawe, na chumba cha mbele, ambacho ndicho cha kuwalaza, kimejaa vitabu mpaka dirishani.

"Mwanangu," aliniambia, "ama uvichukue vyote, ama nimwite Shomari aje na mkokoteni. Mimi mwenyewe mkono wangu haufiki pale."

Alinionyesha kwa kidevu. Juu ya rundo la katikati ilikaa kofia ya Mwalimu, ile ya kudariziwa kwa uzi wa kahawia. Bi Tatu aliiweka pale kwa mkono wake siku watu waliporudi kutoka mazikoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyegusa hata kitabu kimoja.

Anayemjua Shomari ataelewa kwa nini. Shomari huuza vitabu vikuukuu hapa kwetu Morogoro, kando ya barabara ya kwenda stesheni. Hutandika turubai na kuvimwaga kama mtu anayeanika mahindi, nasi wateja tunainama na kupekua. Ukikiona unachokipenda nawe hujaamua, unakifunika kwa kitu chako, kofia au leso au funguo, kisha unaendelea kuzunguka. Maadamu kitu chako kiko juu, mwingine hana ruhusa ya kukigusa. Shomari anao msemo wake: "Kofia imelala, macho yasiamke." Hiyo ndiyo sheria ya turubai, na Mwalimu alikuwa mfalme wake. Alinifundisha Kiswahili sekondari. Baadaye, yeye akiwa amestaafu nami nikihangaika na riwaya yangu ya kwanza, tukawa wapinzani wa turubai moja.

Kumwachia Shomari vitabu vile niliona ni kumzika Mwalimu mara ya pili, safari hii vipande vipande. Nilitaka kuvichukua vyote. Kwa wazo hilo nikalala.

Nikajikuta kwenye turubai.

Ilikuwa asubuhi. Ukungu wa Uluguru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa ya maduka, na vitabu vilikuwa vingi kuliko nilivyopata kuviona, vimeenea barabara nzima, na nilikuwa peke yangu. Niliinama. Ah, raha ile! Nafungua kimoja, kinanuka mvua na nondo wa kabatini. Nafungua kingine, ndani mna ua la bogenvilia lililokauka, limeacha kivuli chake cha waridi kwenye ukurasa. Cha tatu kimeandikwa kwa wino wa zambarau: Kwa Neema, usome ukipona. Nasimama kidogo na huyo Neema nisiyemjua, namwombea awe amepona. Kitabu kipya hakikupi hayo. Kitabu kikuukuu unakifungua kama mlango wa nyumba ya watu, unaingia bila hodi na hakuna anayekufukuza.

Nikakumbuka, ndani ya ndoto, kitabu kile chenye ndege wa mtoni kwenye jalada. Hicho nilikiona zamani nikasitasita, na siku hiyo sikuwa na hata leso ya kukifunika. Nikasema nitazunguka mara moja tu. Niliporudi hakipo. Nimesoma vingi tangu hapo, lakini kile nisichokisoma ndicho ninachokiota.

Naanza kukitafuta. Napekua, napekua, mikono inakuwa myeusi kwa vumbi. Badala yake naona kijitabu cha kijani, chembamba, kurasa za mwanzo zimechanika, jina la mwandishi halipo. Nanyosha mkono. Kabla vidole havijafika, kofia inatua juu yake, taratibu, kama ndege anayejua mti wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa, mwandishi. Miguu mirefu, macho mafupi."

Nilijua amekufa. Nilijua kama unavyojua kwamba mtu amehamia mtaa mwingine, na haikunishtua.

"Mwalimu, hicho nimekiona mimi."

"Umekiona wewe. Nimekifunika mimi."

Shomari anatokea kwenye ukungu na kikombe chake cha kahawa, anacheka mpaka kahawa inamwagika. "Kofia imelala, dada! Nenda kapoe."

Siku hiyo iliwahi kutokea kweli, neno kwa neno. Mwalimu alikwenda kunywa kahawa na kashata, akanywa kama mtu asiye na haraka na dunia, nami nilibaki nimenuna nikikilinda kitabu kisicho changu. Aliporudi alisoma ukurasa mmoja amesimama, akaiondoa kofia, akanipa. "Chukua," alisema. "Nilitaka kuisikia sauti yake tu." Ninacho mpaka leo.

Lakini kwenye ndoto harudi. Nangoja. Ukungu unazidi, Shomari hayupo tena, na turubai chini ya miguu yangu limekuwa sakafu ya saruji. Niko chumba cha mbele kwa Bi Tatu. Kofia iko mbele yangu juu ya rundo. Vitabu vimepanda mpaka vimeziba dirisha, na mle ndani pana sauti, ndogo, ya kuendelea, kama mvua inayonyesha mbali. Naweka sikio kwenye kitabu cha karibu. Ni mchwa.

Mwalimu ameketi nje, kizingitini, amenipa mgongo. Sikuwahi kumwona kichwa wazi maisha yake yote. Nywele zake ni fupi na nyeupe, na shingo yake ni nyembamba kuliko nilivyodhani.

"Kichwa kinapata baridi, binti," anasema bila kugeuka.

Naitazama kofia. "Nikiitoa, watakuja."

"Nani?"

"Watu wote. Watachukua kimoja kimoja. Sitajua vimekwenda wapi."

Anainamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akifanya darasani mwanafunzi anapokaribia jibu mwenyewe.

"Na mimi," anauliza, "nilivitoa wapi?"

Niliponyanyua macho kuta hazikuwepo. Tuko mtoni, pale maji yanaposhuka kutoka mlimani na kupita kwenye mawe makubwa ambayo akina mama huanikia nguo. Leo juu ya mawe wameanika vitabu. Vimefunguliwa, upepo unavipekua, kurasa zinapigapiga kama mabawa. Watu wanateremka kwenye vijia. Wengine nawajua, wengi siwajui. Dereva wa bodaboda ameketi juu ya jiwe, amevua helmeti, midomo yake inacheza anaposoma. Muuza vitumbua ameweka beseni lake chini, anafungua kurasa kwa kidole chenye mafuta, anaacha alama kwenye kila ukurasa anaoupita, na jalada la kitabu chake lina ndege wa mtoni.

Nataka kupiga kelele: mama, hicho changu! Lakini yeye ghafla anacheka. Anacheka mpaka anajifuta macho kwa ncha ya kanga, anamgeukia mwenzake, anaanza kumsomea.

Kumbe kilikuwa kinachekesha. Miaka yote nilidhani ni kitabu cha huzuni.

Mwalimu yuko kando yangu. Mikononi mwangu imo kofia, sijui niliichukua saa ngapi. Ni nyepesi. Kwa ndani imeshika umbo la kichwa chake.

"Ulidhani nikifunika nazuia," anasema. "Nilikuwa nashikilia kidogo tu, nikisikia. Kofia si kufuli."

Nikampa. Akaivaa, akaiweka sawa kwa vidole viwili, kidogo upande wa kulia, kama alivyoiweka kila asubuhi kabla ya kuingia darasani. Kisha akaanza kupanda kijia cha mlimani. Nilitaka kumfuata, lakini bibi yangu alinifundisha kwamba marehemu akiondoka humfuati, unamtazama tu. Nikamtazama. Ukungu ulimchukua miguu kwanza, kisha mabega, na kofia ikawa ya mwisho kuonekana.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka, jogoo wa jirani wakibishana, na uzi ulikuwa umenizunguka vidole mpaka ukaacha alama. Sikulia. Nilikaa kitandani nikaufungua taratibu, nikauzungusha kwenye kijiti chake. Kisha nikampigia Bi Tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona alfajiri? Kuna heri?"

"Heri, mama. Kofia bado iko juu ya vitabu?"

"Ipo. Nani wa kuigusa?"

"Mwite Shomari. Mimi naja sasa hivi, kabla hajafika, niiondoe mwenyewe nikupe mkononi. Uiweke kabatini na nguo zake. Mwalimu amesema kichwa kinapata baridi."

Nilisikia kuku wake, nikasikia mlango ukifunguliwa.

"Amesema nini kingine?"

"Kasema kofia si kufuli."

Bi Tatu alivuta pumzi, kisha akatoa kicheko kidogo chenye machozi ndani yake. "Mwanaume yule," alisema. "Hata huko anafundisha. Na wewe je, huchukui hata kimoja?"

Nilitazama ukuta wangu mtupu, na kitanda mahali pake.

"Nitakwenda kwenye turubai, mama. Nitainama kama watu wote. Na leso nitabeba."