Vidole vya Mdogo Wangu

Mdogo wangu tunamwita Vidole. Kazi yake ni kuandaa simu za wauguzi wanaozungukia wagonjwa majumbani. Simu mpya ikitoka kwenye boksi, anagonga kioo mara sita palepale inapomkaribisha, anaielekeza kwenye msimbo wa ofisi, ule mraba wa vidoti, basi, imekuwa ya ofisi. Tangu hapo wakubwa wanaweza kuifunga au kuifuta bila kunyanyuka kitini. Anafanya hivyo kutwa nzima, hata tukila vidole vyake vinagonga meza.

Aliponinunulia simu, alikuja kuniwashia kwenye chumba changu cha kushonea huku anapiga soga. Vidole vikafanya vilivyozoea, na msimbo wenyewe anao kwenye simu yake.

"Aa, nimekuingiza ofisini," akacheka. "Kukutoa mpaka niifute yote. Iache tu, dada. Mwizi akiiba, naifunga."

Nami, kwa ujinga wangu, nikafurahi.

Nikishika futi siwezi kuandika, kwa hiyo vipimo navisema, simu inarekodi. Humo alikuwemo bibi harusi, wasimamizi wake na kundi zima la mashangazi. Harusi ni Jumamosi hii.

Jana kitambaa kimetandazwa, mkasi mkononi, nasikiliza kiuno cha bibi harusi, sauti ikakatika. Kioo kikazima, kikawaka, kikaandika: Karibu. Utadhani hatujawahi kuonana.

Nikaazima simu ya jirani, nikampigia Vidole. Akaja amenywea. Bosi wake alitaka simu zote zisizo na jina la muuguzi zifutwe, zisije zikavujisha siri za wagonjwa.

"Nani alibonyeza?"

"Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu."

"Nimeuliza nani."

"Mimi."

"Yangu hukuiona?"

"Niliiona. Ningesema, ningefukuzwa."

"Si ungenipigia kwanza, ninakili!"

"Niliogopa, dada."

Hasira zilinipanda. Na huruma pia, maana wanawe wanakula kwa kazi hiyohiyo, na huruma hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

"Lete nikuandalie upya," akasema kwa sauti ndogo. "Safari hii itakuwa yako mwenyewe."

Nikampa. Akalitazama lile neno la kukaribisha, akashusha pumzi. Kidole kikagonga kioo. Kikagonga tena. Kilipogonga mara ya tatu, nikamnyang'anya simu.

Hakuwa anajua kwamba vidole vinairudisha ofisini. Aliutazama mkono wake, akaanza kulia, na mimi sikumbembeleza.